Jogoo wa Kuikomboa Bendi ya Furu

Ijumaa, tarehe 9 Juni 1978, Mashimba Ngosha aliondoka kwenye msiba mtaa wa Mirongo, mjini Mwanza, akiwa na sanduku la bati la marehemu kichwani. Tarehe hiyo imechorwa kwenye saruji ya kaburi la Nurudin Jumbe, aliyezikwa alasiri hiyo. Kuhusu sanduku, mashahidi walikuwa wengi, kwa sababu Mashimba hakujificha. Alilibeba mchana kweupe huku akiimba, na waliofiwa wakacheka.

Alikuwa mtani. Akina Jumbe ni Wazaramo waliofika Mwanza kwa kazi ya reli, na Mashimba ni Msukuma wa Misungwi. Mtani msibani ana kazi yake. Huvaa kofia ya marehemu, huiga mwendo wake, huingia kaburini akidai kuwa yeye ndiye aliyechoka zaidi, kisha hunyakua kitu na kukataa kukitoa mpaka kikombolewe. Kwa kawaida ukombozi ni kitu kidogo, na hulipwa kabla matanga hayajaanuliwa.

Huu haukulipwa. Sanduku lilikaa kwa Mashimba zaidi ya miaka arobaini na sita, na ndani yake zilikuwamo kanda na filamu za Furu, bendi ya vijana wanne ambayo haikuwahi kutoa santuri hata moja. Nurudin ndiye aliyekuwa mpiga gitaa na mwimbaji wake. Kwa wakusanyaji wa muziki wa zamani hilo ni jambo kubwa. Kwa Nusrat Nurudin, muuguzi anayeishi Buswelu, ni jambo la namna nyingine. Nusrat alizaliwa baada ya baba yake kuzikwa. Hajawahi kusikia sauti yake wala kumwona akitembea. Anayo picha moja tu, iliyobanduliwa kwenye kitambulisho cha kazi, na ndani ya picha hiyo baba yake amefumba macho.

Mashimba sasa ana miaka sabini na minne na anauza dagaa kwa jumla kwenye mwalo wa samaki wa Kirumba. Ni mrefu, mkavu, na hawezi kumpimia mtu dagaa bila kumchokoza. Mteja akimuuliza kama dagaa wamekauka vizuri, hujibu kuwa hawajakauka, wamefunga Kwaresima. Alikuja mjini mwaka 1971 kupakua mizigo bandarini, akapanga chumba Mirongo kwenye nyumba moja na Nurudin, ambaye alikuwa fundi redio. Mchana Nurudin alitengeneza redio za watu. Zile zilizoshindikana kabisa alizifumua, na kwa vipuri vyake akaunda kijisanduku chenye swichi moja, ambacho kilifanya gitaa lake liungurume kama nyuki waliochomewa mzinga.

Bendi ilichukua jina la furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi waliojaa ziwani kabla sangara hajawamaliza. Wanachama wake walivaa suruali pana za bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene, wakafuga nywele, na wakapiga nyimbo zilizoanza kama dansi la kawaida. Wimbo ulipofika ubeti wa pili gitaa lilipotea njia, ngoma zikalifuata, na dakika kumi baadaye wimbo ulirudi ukiwa peke yake, kwa sababu wachezaji walikwisha kukaa. Watu wa Mwanza waliuita muziki wa kizunguzungu. Hawakuwa wanausifu.

"Ulikuwa kama trekta la ushirika linalokataa kuwaka," anasema Mashimba. "Nilimwambia hivyo kila siku. Yeye akasema Msukuma hawezi kujua muziki, anajua tu kuswaga ng'ombe. Tukawa marafiki."

Nurudin alikufa kwa ugonjwa wa ini akiwa na miaka ishirini na minane. Siku ya mazishi, Mashimba alipokwisha kulitwaa sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha marehemu, wazee walimuuliza anataka nini ili alirudishe. Akasema anataka jogoo.

"Mwekundu," akaongeza. "Na apikwe na mjane kwa mkono wake. Asipike mama mkwe, asipike shangazi. Mzaramo namjua, atanipa kuku wa jirani."

Watu walicheka, kwa kuwa wote walijua kwamba mjane, Moza, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, ndiyo kwanza anaingia eda. Angekaa ndani miezi minne na siku kumi bila kuonana na wanaume wasio maharimu wake. Mashimba alikuwa amejipangia jogoo wa Oktoba. Utani wake ulikuwa na subira.

Oktoba ilipofika, alikwenda. Mlangoni alimkuta mjomba wa marehemu, mzee wa maneno machache.

"Nimefuata jogoo wangu," Mashimba akasema.

"Bado yuko eda."

"Eda gani hiyo, ya tembo?"

Mzee alicheka, akarudia kuwa bado, akafunga mlango. Alikuwa anasema kweli. Moza alikuwa mjamzito, na eda ya mwenye mimba huisha siku anayojifungua. Lakini mimba ya mjane haitangazwi mlangoni, na haitangazwi kwa mtani hata kidogo. Mashimba, ambaye ni Mkatoliki, alijua hesabu ya miezi minne na siku kumi na hakujua nyingine. Akaelewa kama ambavyo mtani yeyote angeelewa: kwamba anataniwa.

"Nikasema, hawa wanataka nirudi kila wiki niwe kichekesho cha mtaa," anasema. "Basi watanifuata wenyewe."

Hawakumfuata. Nusrat alizaliwa Januari. Kaka yake Moza alikuja kuwachukua mama na mtoto, akawapeleka kwao Tabora. Mjomba alikufa mwaka uliofuata, nyumba ikauzwa, na Mashimba akabaki na sanduku lisilo na mdai.

Alihama nalo kutoka Mirongo hadi Igoma, na kutoka Igoma hadi Buhongwa alikojenga. Hakulifungua. Mateka wa utani hafunguliwi, hauzwi wala hatumiwi, na Mashimba, ambaye hufanya mzaha juu ya karibu kila kitu, hafanyi mzaha juu ya hilo. Mkewe, Dorotea, alilishonea kitambaa cha kulifunika. Watoto wao walikua wakiliita Marehemu. Ilikuwa kawaida kabisa katika nyumba hiyo kusikia mtu akisema, "Msogeze Marehemu nifagie."

Januari mwaka 2025 mgeni kutoka Dar es Salaam alifika mwaloni. Jina lake ni Obedi Venant, mtangazaji wa kipindi cha redio cha muziki wa zamani, na kwa miaka sita alikuwa akiisikia Furu ikitajwa na wanamuziki wazee bila kumpata mtu aliye na hata wimbo wake mmoja. Mpakuzi mmoja alimwelekeza kwa Mashimba.

"Shikamoo mzee. Nasikia ulimfahamu Nurudin wa Furu."

"Marahaba. Nimekaa na sanduku lake kuliko alivyokaa nalo yeye."

Obedi akakaa juu ya gunia la dagaa.

"Hilo la mtu, baba," Mashimba akamwambia. "Kaa chini."

Jioni walikuwa Buhongwa. Obedi alipiga magoti mbele ya sanduku, akanusa ukingo wa mfuniko, na uso ukambadilika. Lilikuwa na harufu ya siki. Familia ya Mashimba ilikuwa imeizoea harufu hiyo na kuamini ni viatu vya marehemu. Obedi akaeleza kuwa ni filamu. Filamu za zamani zikianza kuoza hutoa harufu ya namna hiyo, na hewa hiyo ikifungiwa ndani huziozesha haraka zaidi. Zilizobaki huenda zina miezi, hazina miaka. Akaomba sanduku lifunguliwe usiku huohuo.

"Wewe ni nani kwake?" Mashimba akauliza.

"Mimi ni mpenzi wa muziki wake."

"Mpenzi hakomboi. Anakomboa ndugu."

Obedi alibembeleza siku mbili. Alitaja makumbusho, historia ya taifa na vizazi vijavyo. Dorotea alimpa chai na kumwonea huruma. Mwishowe akafanya kitu pekee alichokuwa na uwezo wa kukifanya: akarudi studio na kuuliza hewani kama kuna mtu yeyote anayewajua ndugu wa Nurudin Jumbe wa Mirongo. Muuguzi mmoja anayefanya kazi na Nusrat alikuwa akisikiliza, akampa habari. Nusrat akampigia Obedi simu kutoka Buswelu. Nusrat na mama yake walikuwa wamehamia hapo miaka kumi na mmoja nyuma, na dagaa wao walitoka Kirumba kama wa kila mtu.

Nusrat anasema alidhani kazi imekwisha. Alikuwa hajazungumza na mama yake.

Moza sasa ana miaka sitini na minane na anasimamia nyumba akiwa amekaa kwenye kiti. Maisha yake yote Nusrat amekuwa akisikia habari ya Msukuma aliyeiba sanduku la baba yake. Alipomwambia mama yake kwamba sanduku limepatikana, na kwamba kinachohitajika ni jogoo mmoja tu, Moza aliendelea kuchambua mchele.

"Nimpikie nani? Mwizi akirudisha mali unampa polisi, humpi mchuzi."

"Mama, alikuwa mtani."

"Mtani anarudi."

"Anasema alirudi."

Moza alitupa kijiwe nje ya ungo na kuuliza kama mtu amekumbuka kuzima jiko.

Wiki tatu zilipita. Obedi alimpigia Mashimba simu kila asubuhi kuuliza harufu, akimwambia tu kuwa ndugu wamepatikana. Nusrat aliomba, akanuna, akamleta shehe wa mtaa, ambaye alikunywa kahawa na kukubaliana na Moza kwa kila neno. Mwishoni mwa Februari, akitoka zamu, alikwenda Kirumba peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nikupimie ngapi?"

"Sikufuata dagaa. Mimi ni mtoto wa Nurudin."

Mashimba alimtazama. "Nurudin hakuwa na mtoto."

"Alikuwa naye, tumboni kwa mama. Ile Oktoba uliyokwenda kudai jogoo, mama alikuwa na mimba yangu. Eda ya mwenye mimba inaisha akijifungua."

Mashimba aliweka chini kopo la kupimia.

"Kwa hiyo yule mzee hakuwa ananitania."

"Hakuwa."

"Na mimi nikanuna miaka yote hii!"

Nusrat akamwomba akubali jogoo apikwe na yeye, mtoto wa marehemu, damu yake mwenyewe. Mashimba akatikisa kichwa. Si kwa ukaidi, alisema. Alitaja sharti lake mbele ya wazee. Akilifuta mwenyewe leo, basi haukuwa utani, na kama haukuwa utani, kinachobaki ni kwamba alibeba sanduku la marehemu akaenda nalo nyumbani kwake.

"Nikilitoa bure, mama yako akiniita mwizi atakuwa amesema kweli," akamwambia. "Yuko nyumbani Jumapili?"

Jumapili bajaji iliingia Buswelu ikiwa na Mashimba, Obedi aliyefika kwa ndege ya asubuhi, sanduku la bati na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Nusrat alikuwa jikoni. Mama yake alikuwa mlangoni, na mazungumzo yaliyofuata Nusrat anayakumbuka neno kwa neno.

"Hodi."

"Nani?"

"Mwizi."

"Mwizi gani anabisha hodi?"

"Aliyechoka kubeba."

Moza akamtazama jogoo. "Na huyo?"

"Ukombozi."

"Tangu lini aliyeteka analeta ukombozi mwenyewe?"

"Tangu Wazaramo walipoanza ubahili. Nimeona nikikungoja nitazikwa nalo, na hao watani watakaokuja kwangu watanyakua nini? Sanduku la mwenzao?"

Moza hakumkaribisha. Alisimama akiwa ameshika fremu ya mlango, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Uliita eda yangu ya tembo."

Mashimba akavua kofia.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," Moza akasema. "Nilicheka mpaka mama akaniziba mdomo. Mjane anacheka, na tumbo hili! Nikasema huyu akija tena namwambia mjomba amweleze. Nikangoja. Hukuja."

"Nilikuja."

"Mara moja. Mtani anarudi mpaka alipwe. Aliyekufundisha utani alikupunja."

"Basi nipige faini."

"Utanyonyoa."

Jirani, Mzee Khalidi, ndiye aliyechinja, ili nyama iwe halali kwa wenyeji. Mashimba alinyonyoa, ameinama juu ya beseni uani, huku Moza akimsimamia kutoka kwenye kiti. Alimuuliza kama manyoya hayo anayang'oa au anayabembeleza. Alimuuliza kama kwao kuku huliwa na koti lake. Kisha akainuka, akafunga kanga kiunoni, na akapika jogoo kwa nazi, kwa mkono wake, bila kumruhusu binti yake kugusa hata chumvi. Pilipili alizotia zilikuwa nyingi kuliko kawaida ya nyumba hiyo. Hilo halikuwa bahati mbaya.

Obedi alikaa sebuleni saa zote hizo akilitazama sanduku kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Walikula sinia moja. Mashimba alitokwa na machozi kwa pilipili, akamaliza paja, akajifuta, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Limekombolewa." Kufuli ilikuwa imeganda kwa kutu. Nusrat aliivunja kwa mchi wa kinu.

Ndani mlikuwa na kanda za sauti tatu kwenye magurudumu ya plastiki, mikebe mitano ya filamu, viatu vya raizoni vya rangi ya machungwa, na kile kijisanduku chenye swichi moja. Mkebe mmoja wa filamu ulikuwa umekwisha. Filamu yake imegandana kama sabuni. Minne ilikuwa imejikunja pembeni lakini bado inafunguka. Filamu hizo zilipigwa na mwenye studio moja ya picha mjini, ambaye kazi yake hasa ilikuwa harusi. Kanda, bendi ilizirekodi yenyewe chumbani kwa Nurudin, kwa mashine ya mteja iliyokuja kutengenezwa.

Obedi alikuwa amebeba mashine ya kuchezea kanda. Aliisafisha, akaipitisha kanda ya kwanza taratibu, akabonyeza.

Kulikuwa na mtu anakohoa.

"Ndiye huyo," Moza akasema. "Akitaka kuimba lazima akohoe."

Sauti ya kijana ikasema, haraka, "Moja, mbili, ngoja, ngoja, nani amekanyaga waya? Haya. Moja, mbili." Gitaa likaanza, safi na la kucheka, kisha swichi ikabonyezwa na likageuka mngurumo uliojaza sebule yote. Mzee Khalidi, ambaye alibaki kwa ajili ya wali, aliweka kidole sikioni. Katikati ya wimbo ukaingia mdundo mwingine, mzito, nje ya mpangilio wa ngoma. Obedi alifumba macho. Akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho kwenye muziki wa miaka ile, na akauliza ni chombo gani.

Mashimba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Nagonga ukuta. Nilikuwa na zamu ya alfajiri bandarini."

Na kweli, wimbo ulipokwisha, sauti ileile ya haraka ilisikika ikisema, "Mwacheni Msukuma agonge, leo amepatia." Moza alicheka mpaka akashika mbavu. Nusrat hakucheka. Alimwomba Obedi airudishe kanda mwanzo, kwenye kikohozi, na akaisikiliza mara nne.

"Anaongea haraka," akasema.

"Kama wewe," mama yake akamjibu.

Filamu haziwezi kuchezwa hivyo. Zimesinyaa, na projekta ya kawaida ingezichana. Obedi aliruhusu kipande kimoja kifunguliwe kwa mkono, Nusrat akakishika kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kila picha, ndogo kuliko ukucha, wanaume wanne walionekana wamesimama juu ya mawe na ziwa likiwa nyuma yao. Hakuweza kujua yupi ni yupi. Moza alivaa miwani, akasogea, akaweka kidole karibu na wa pili kutoka kushoto bila kuigusa filamu.

"Huyo. Amevaa suruali yangu."

Nusrat alikaa dirishani mpaka jua likahama upande. Baba yake ni mwembamba, ana nywele nyingi, na mguu mmoja umenyanyuliwa. Macho hayaonekani kwa udogo wa picha.

Nairobi yuko fundi mwenye mashine ya kunakili filamu zilizosinyaa, picha moja baada ya nyingine. Obedi alitaka kuzipeleka mwenyewe. Moza alisema mali haitoki tena nyumbani ikiwa kichwani kwa mtu baki, na Mashimba aliunga mkono hoja hiyo. Nusrat ameomba likizo ya wiki moja kazini, na imekubaliwa. Ijumaa jioni atapanda basi la Nairobi akiwa na mikebe minne kwenye begi la mapajani. Fundi ataanza na ule wenye wanaume wanne juu ya mawe.